Klabu ya kamera ya wazee mtaani: jinsi ya kuianzisha na miradi ya kufanya

Bi mmoja wa Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, alikuja kwetu na kopo la biskuti lenye picha 61. Picha za harusi, mtoto aliyekalishwa juu ya stuli ya studio, vijana wanne wenye suruali pana miguuni wamesimama na bahari nyuma yao. Tulikaa naye asubuhi mbili akatutajia majina ya waliomo katika picha 43, tukayaandika. Zile 18 zilizobaki tukasema tutamalizia wiki ijayo. Wiki ile akalazwa, na hakurudi. Bahasha ya zile 18 ninayo mimi, imeandikwa "hazijulikani", na kila nikiifungua roho inaniuma.

Kwa hiyo katika mwongozo huu kupiga picha na kuuliza vinakwenda pamoja tangu siku ya kwanza. Kijana ana macho makali na mkono usiotetemeka. Mzee anajua aliyekaa kwenye nyumba ile kabla haijawa hoteli. Klabu ya wazee ikijipanga vizuri inapata vyote viwili, ila isicheleweshe.

Watu, mahali na saa

Anza na wazee 8, au 12 wakizidi sana. Wakiwa wengi zaidi utatumia asubuhi nzima kusaidia watu kutafuta neno la siri la simu. Kabla hujamkaribisha mtu, nenda kwa sheha umueleze mnataka kufanya nini, kwa sababu siku wazee kumi watakapoonekana wanapiga picha milango ya watu, yeye ndiye atakayeulizwa. Tanzania Bara mwendee mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na Kenya chifu au mzee wa mtaa.

Chumba kiwe cha chini, kisicho na ngazi, chenye viti vya kuegemea na choo cha karibu. Choo usikidharau. Tumewahi kupoteza wanachama wawili kwa sababu hiyo tu, na walikuwa na haya ya kusema. Panapo dirisha kubwa lisiloingiza jua moja kwa moja, weka meza hapo. Itakuwa meza ya kazi zote.

Sisi tunakutana Jumamosi saa 2 asubuhi na kuachana saa 4. Ramadhani tunahamia baada ya alasiri, tunakaa ndani kupanga picha na majina, hakuna matembezi. Katika daftari la mahudhurio, mbele ya kila jina pana namba ya simu ya mtu wa nyumbani na alama kama mwenyewe ana kisukari au presha. Mwenye kisukari anatembea na peremende mfukoni, sukari isije ikashuka njiani, na sote tunabeba maji.

Tafuta vijana pia, mjukuu mmoja kwa wazee wawili. Wape sharti moja tu: mkono wa kijana usiguse simu ya mzee. "Lete nikufanyie, bibi" inamaliza kazi kwa sekunde tatu na bibi anarudi nyumbani hajui kitu. Kijana aonyeshe kwa mdomo, au kwa simu yake mwenyewe akiwa kando. Mara ya kwanza itachukua robo saa, wiki ya tatu dakika moja.

Simu waliyonayo inatosha

Mtu akija na kamera kubwa aliyoletewa na mwanawe kutoka Maskati au London, karibu sana, lakini masomo yawe ya simu ili wote waende pamoja. Kamera ya filamu ije mezani tuishike na tusikie habari zake.

Siku ya kwanza fanyeni mambo haya kwa mpangilio huu, bila kuruka. Futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Kipande cha kanga kuukuu kinafaa kuliko karatasi ya chooni, ambayo inakwaruza. Picha nyingi za "ukungu" nilizoletewa zilikuwa na mafuta ya kidole kwenye lenzi, basi. Kisha kuza maandishi ya simu na ongeza mwanga wa kioo mpaka mwisho, maana mwenye mtoto wa jicho hatasema kwamba haoni, atasema simu yake mbovu. Halafu washa mistari ya gridi kwenye kamera, imsaidie kunyoosha upeo wa bahari na kuta. Mwisho mfundishe kupiga kwa kitufe cha sauti cha pembeni badala ya kugusa kioo, kwa sababu kidole kikavu cha mzee mara nyingi hakisikiki kwenye kioo, naye akibonyeza kwa nguvu simu inacheza.

Mkono unaotetemeka una dawa zake. Viwiko vibane mbavuni, bega liegemee ukuta, pumzi itoke taratibu kisha bonyeza. Tetemeko likiwa kubwa, weka simu juu ya baraza au mgongo wa kiti na utumie kipima muda cha kamera cha sekunde 3, hivyo wakati wa kupiga mkono haupo kabisa. Mzee wetu mmoja mwenye maradhi ya kutetemeka hupiga kwa waya wa spika za masikioni: kwenye simu nyingi kitufe cha kuongeza sauti kilicho kwenye waya huo kinafyatua kamera. Picha zake ni miongoni mwa zilizo kali kuliko zote za klabu.

Kanzu nyeupe, buibui jeusi

Mkifundishana jambo moja tu kuhusu mwanga, liwe hili, kwa sababu litawakuta kila siku.

Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kujaribu kuufanya uwe wa kadiri, wala mweupe sana wala mweusi sana. Sasa simamisha mzee wa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, kanzu inakuwa kijivu na uso wa mzee unakuwa giza. Msimamishe bi mwenye buibui mlangoni mwa chumba chenye kiza: kamera inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, na uso wake unapauka kama umepakwa unga.

Dawa ni ileile kwa wote wawili. Gusa uso kwenye kioo cha simu, subiri alama ya jua au mstari utokee, kisha telezesha kidole: juu kwa mwenye kanzu, chini kwa mwenye buibui, mpaka rangi ya ngozi iwe ile unayoiona kwa macho. Fanyeni zoezi hili wawili wawili, mmoja wa kanzu na mmoja wa buibui, dirishani, mara kumi. Bi mmoja alipoiona tofauti yake alisema, "Kumbe miaka yote mimi si mweusi hivyo, ni simu!" Akaomba apigwe upya picha ya kuweka sebuleni.

Lingine ni jua. Hapa kwetu linapanda upesi, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba adhuhuri linapita utosini kabisa. Kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 10 jioni macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi. Wakati huo mweke mtu kwenye kizingiti, ndani ya kivuli lakini uso ukitazama nje. Picha za nje zipigwe kabla au baada.

Matembezi

Kilomita moja, isizidi, na ipangwe kwa mabaraza. Mji Mkongwe una baraka hiyo: baraza za mawe ziko mbele ya nyumba nyingi na mzee anaweza kupumzika kila baada ya hatua mia. Njia yetu ya kawaida inaanzia Jaws Corner, pale wanapouza kahawa na watu wanabishana siasa, inapita kwenye vichochoro na kuishia Forodhani. Siku ya matembezi tunaondoka mapema zaidi, saa 1 asubuhi.

Kila mtu apewe jambo moja la kutafuta na ruhusa ya picha 10 tu. Makufuli. Vivuli vya nguo zilizoanikwa. Kitu ambacho kilikuwepo ulipokuwa na miaka kumi na bado kipo. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda, kwa sababu linamfanya mtu asimame, anyamaze, halafu aanze kusema. Kijana anayemfuata awe na kinasa sauti cha simu tayari.

Kuomba ruhusa ni sehemu ya somo. Mzee ana njia ambayo mpiga picha mgeni hana: "Mwanangu, za asubuhi. Mimi ni wa hapa hapa, mtaa wa Malindi. Naomba nikupige ukimimina kahawa, na Jumamosi nitakuletea yako." Na Jumamosi ampelekee, imesafishwa kwenye karatasi. Msiahidi picha msiyoileta, mtaa unakumbuka. Akikataa, asanteni, mnaendelea. Watoto wapigwe mzazi akiwepo na akikubali. Kambi, vituo vya polisi, bandari na uwanja wa ndege viacheni, na kwenye ofisi za serikali ombeni ruhusa kwanza.

Mradi wa sanduku la picha za zamani

Huu ndio mradi ninaousihi kila klabu ianze nao. Pwani yetu ina unyevu, na ukungu wa picha haungoji mtu amalize shughuli zake.

Kila mwanachama alete picha zisizozidi 20 kwa siku, na arudi nazo nyumbani siku hiyohiyo. Msibaki na sanduku la mtu. Andaa vibandiko vya karatasi vyenye namba, kisha fuata utaratibu huu kwa kila picha.

1. Osha mikono, ikauke kabisa. Shika picha kwa kingo. Vumbi liondoke kwa brashi laini, maji yasiiguse.
2. Ilaze mezani karibu na dirisha, namba yake pembeni. Zima flashi na taa ya dari ili isimetemete.
3. Simamisha simu juu yake sambamba kabisa. Kingo nne za picha zikilingana na mistari ya gridi, umepatia. Sogea juu kidogo na utumie zumu ya mara mbili, kingo zisipinde.
4. Piga mbele, igeuze, piga nyuma hata kama huoni kitu. Nyuma kuna muhuri wa studio, tarehe, wakati mwingine salamu kwa mtu. Muhuri unasaidia kukisia mwaka: Capital Art Studio, kwa mfano, ilifunguliwa hapa mjini mwaka 1930 na Ranchhod Oza, kwa hiyo picha yenye muhuri wake haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.
5. Washa kinasa sauti, taja tarehe na jina la msimulizi, kisha sema kwa sauti, "Picha namba kumi na nne." Sasa uliza.

Mkiwa na skana, picha ndogo iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi na kubwa kwa 300. Negativu zinahitaji mwanga wa nyuma: weka kioo safi juu ya vitabu viwili, chini yake tableti iliyofunguliwa ukurasa mweupe, negativu juu ya kioo, piga kwa karibu, kisha geuza rangi kwenye programu ya kuhariri picha. Ile nafasi kati ya tableti na kioo ni muhimu, bila hiyo vidoti vya skrini vitaonekana. Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu au kwenye albamu ya gundi usiibandue. Ipige hapo hapo ilipo.

Maswali yasiwe "huyu ni nani?" peke yake. Uliza nani alipiga, nani hakutokea lakini alikuwepo, nguo ile ilishonwa na nani, nyumba ya nyuma ilikuwa ya nani, siku hiyo kulipikwa nini. Swali la chakula limetufungulia mengi kuliko swali la mwaka. Msimulizi akikosea mwaka usimkatize. Andika alivyosema, na kando yake uandike "takriban".

Zipo picha zinazofunikwa kifudifudi. Unguja kila familia ina watu iliyowapoteza au walioondoka, hasa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na wengine wao leo wako Oman, Dubai au Uingereza. Mzee akiigeuza picha, iache. Akitaka kusema atasema siku nyingine. Na akiruhusu, mtumie jamaa yake wa Maskati nakala kwa simu. Mara mbili jina tulilolitafuta mwezi mzima limetujia kwa ujumbe wa sauti kutoka huko, kwa Kiswahili cha hapa hapa.

Picha zenyewe zirudi kwenye bahasha za karatasi, siyo za plastiki, ndani ya kopo lenye vifuko vya kukausha unyevu, kabatini mbali na ukuta wa nje. Jina liandikwe nyuma kwa penseli laini pembezoni. Kalamu ya wino inapenya mpaka usoni.

Mradi wa pale pale

Chukua picha ya zamani ya mtaa, msimame alipokuwa aliyeipiga, mpige tena. Ni kazi ya subira, na wazee wanaipenda mno.

Kwanza itambueni tarehe kwa majengo. Mfano mzuri ni Beit el Ajaib, jumba la Forodhani lililojengwa na Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883. Katika picha za zamani kabisa kuna mnara wa taa umesimama peke yake mbele ya jumba, upande wa bahari. Mnara ule uliharibiwa katika mashambulizi ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, na baada yake mnara wa saa ukajengwa kwenye uso wa jumba lenyewe. Basi ukiona mnara mzima uko mbali na jumba, picha ni ya kabla ya mashambulizi hayo. Ukiona umeshikana nalo, ni ya baadaye. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara huo. Wanachama wetu wengi wanazo picha za harusi na za sikukuu ambamo jumba lote liko nyuma yao, zima. Picha zile zamani zilikuwa za familia. Sasa ni kumbukumbu za jengo pia.

Kupata mahali penyewe kuna siri yake. Tafuta katika picha vitu viwili vinavyopishana, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, tuseme kona ya ukuta inayokata dirisha la tatu la nyumba iliyo nyuma. Simama, tazama kona yako inakata wapi leo. Ikikata dirisha la pili, sogea pembeni hatua kwa hatua mpaka irudi la tatu. Hapo umepata mstari. Kisha tafuta jozi ya pili upande mwingine wa picha na uende mbele au nyuma mpaka nayo ikae sawa, huku ukiilinda ya kwanza. Jozi zote mbili zikikaa, miguu yako iko alipokuwa yeye. Vivuli vitakwambia saa.

Mara ya kwanza ilituchukua asubuhi nzima kwa picha moja ya Forodhani, watu sita wanabishana, na mzee aliyefanya kazi bandarini ndiye aliyetuambia kwamba tulikuwa tunatafuta ardhini wakati mpiga picha alikuwa roshani ya juu. Tulipanda, ikakaa.

Miradi midogo ya kupumzikia

Milango ya nakshi inafaa kwa asubuhi moja. Pigeni wakati jua linaipiga kwa ubavu, nakshi zijitokeze. Siku ya picha za sura nayo isikose kila mwaka: wapo wazee ambao picha yao pekee ya karibuni ni ya kitambulisho. Kiti dirishani, nguo wanayoipenda, mwenzake wa rika lake nyuma ya simu akimzungumzisha. Mikono ikifanya kazi, kusuka ukili, kukuna nazi, kushona kofia, ni somo zuri kwa wasiopenda kupigwa uso.

Kuhifadhi

Jina la faili lianze na namba, lifuate jambo, mahali, mwaka: 014_harusi_Malindi_1962takriban. Sauti yake iitwe 014 pia. Nakala ziwe tatu: kompyuta ya klabu, diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, na moja intaneti. Mwaka wetu wa kwanza tulimpa kijana wa duka moja la fotokopi memori kadi atutolee virusi, akaifuta yote, matembezi mawili yakapotea. Kadi ilikuwa nakala pekee, na kosa hilo lilikuwa letu.

Mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama faili la hati, siyo kama picha ya kawaida, la sivyo inabanwa na uso mdogo wa nyuma hautambuliki tena. Na kila mwenye picha aandike kwa mkono wake katika daftari kama amekubali ionyeshwe klabuni tu, mtaani, au popote. Akibadilisha mawazo, inaondolewa.

Maonyesho

Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Kimataifa ya Wazee, tarehe nzuri ya kutundika. Picha 30 zinatosha. Zisafishwe kwa ukubwa wa sentimita 20 kwa 30, zining'inizwe kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyofungwa usawa wa macho ya mtu aliyekaa, maana wageni wengi watakuwa wamekaa. Maelezo yawe ya herufi kubwa ambazo mzee atazisoma bila kuinama.

Chini ya kila picha isiyo na jina tundika karatasi tupu na penseli kwa uzi. Mwaka jana nilitundika zile 18 za kopo la biskuti. Jioni, tulipokuwa tunakunja viti, karatasi nne zilikuwa na maandishi. Moja imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili, na mkono uliotetemeka: jina la mtoto wa kwenye stuli, jina la mama yake, na mtaa.